Chumvi za Mama

Harufu ya siki ndiyo inayonirudisha. Wapo wanaokumbushwa nyumbani na moshi wa kuni au samaki anayekaangwa. Mimi nikiwa kwenye shughuli ya watu, wanawake wamekaa wanakata vitunguu vya kachumbari, mmoja wao akifungua chupa ya siki, hunibidi nitafute sababu ya kutoka nje. Nitasema nimesahau simu, au jua limenipa kichwa. Ukweli ni kwamba nimesharudi Pasiansi, kwetu kando ya ziwa, nina miaka tisa, nimesimama kwenye chumba cha uani chenye bati lililotoboka, na mama ananiambia nisiguse.

Kwetu siki haikuwa ya chakula. Mama aliinunua kwa chupa kubwa, mpaka mwenye duka, Mzee Seif, akashindwa kuvumilia. Siku moja alimuuliza mbele yangu, "Mama Kabula, hiyo kachumbari mnakula na ng'ombe?" Mama akacheka, akamjibu, "Ni ya rangi, mzee wangu." Mzee Seif akadhani mama anatia rangi vitambaa, akampa pole kwa kazi ngumu, na mama hakumsahihisha.

Mama alikuwa anatengeneza chumvi za rangi. Hakuziuza, wala hazikuwa na kazi yoyote pale nyumbani. Alizitengeneza ili azione. Alisoma sekondari kwao Nansio, na kwenye kemia hakuna mvulana aliyemfikia, mpaka alipokuwa kidato cha tatu nikaingia tumboni mwake na shule ikamfukuza. Aliondoka na mimi tumboni na daftari la kemia mkobani. Vyote viwili alivitunza.

Baba alikuwa fundi wa betri. Wakati ule umeme ulikuwa haujafika kila mahali, na watu wa visiwani walileta betri za magari kuchajiwa, za redio, za televisheni, za taa za kuvulia dagaa. Zilizokufa kabisa baba alizipasua, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, akayamimina kwenye vibati na kutengeneza vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka uani kwetu. Kwa hiyo mama hakukosa vifaa. Kulikuwa na maji makali ya betri, nyaya za shaba kutoka kwenye mota zilizoungua, misumari, na risasi ya kila umbo. Baba aliuona mchezo wa mama kama mtu aliyeoa mwanamke anayefuga njiwa. Haumwingizii kitu, haumdhuru, basi na uwepo.

Laiti mngekiona chumba kile saa kumi za jioni, jua likiwa limeinama upande wa ziwa! Dirishani mama alipanga chupa tupu za jemu na vikopo vya dawa, kila kimoja na rangi yake. Kulikuwa na mrututu, ule wa buluu ambao wafugaji hupaka vidonda vya mbuzi, lakini wa mama haukuwa unga wa dukani. Ulikuwa mawe yenye pembe, yameota juu ya uzi polepole kwa siku nyingi, na ukilitazama moja kwa karibu uliona chumba chote ndani yake kimegeuka buluu. Kulikuwa na kijani iliyotokana na shaba na siki, na kijani nyingine hafifu ya misumari, iliyozeeka na kuwa kahawia mama asipoifunika vizuri. Kulikuwa na punje za rangi ya chungwa alizoletewa na mteja mmoja wa baba aliyefanya kazi kwenye ngozi. Punje zile mama alizitoa moja moja kama mtu anayegawa pipi kwa watoto wengi.

Nilikuwa na fahari nazo. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu anapika mawe. Wawili walikuja kuhakikisha, wakatoka kimya, na tangu siku hiyo hakuna aliyenichokoza njiani.

Siku tuliyoipenda zaidi ilikuwa siku ya njano. Mama aliyeyusha kidogo zile punje za rangi ya chungwa kwenye glasi moja, na kwenye glasi nyingine akayeyusha chumvi nyeupe isiyovutia hata kidogo, aliyoitoa kwenye risasi ya baba na siki. Halafu alimimina glasi moja ndani ya nyingine. Papo hapo ilizaliwa njano ambayo sijaiona tena popote, nene kama uji, ikashuka chini taratibu. Deo, mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka mitatu na nusu, alipiga makofi na kusema "Tena!" Mama alirudia mara tatu siku hiyo, na kila mara macho yake yalikuwa ya mtoto kuliko yetu.

Alituwekea masharti. Chumba kile hatuingii bila yeye, na chupa hatugusi hata kama imeanguka. Kisha akashika ile chupa ya chumvi nyeupe, akaiinua juu ili sote tuione.

"Na hii ndiyo msiisogelee kabisa," alisema. "Hii ni tamu, lakini ni sumu. Mmenisikia? Ni tamu, ila inaua."

Tukajibu kwamba tumesikia. Akaiweka kwenye rafu ya juu, ambako Deo hakuweza kufika hata akipanda kigoda. Mimi nilifika.

Nawaambia kwa kweli, katika maneno yale yote nilibaki na moja. Mwezi ule sukari ilikuwa imepanda bei na nyumbani tulikuwa tunakunywa uji wa chumvi. Mchana mmoja mama alipompelekea baba chakula, nilivuta kigoda, nikalowesha kidole kwa mate, nikakichovya. Ilikuwa tamu kweli, utamu wenye ladha ya chuma nyuma yake, unaokauka ulimini. Nikakaa kizingitini nikisubiri kufa. Nilihesabu kuku wa jirani, nikawahesabu tena, mama akarudi na vyombo na mimi nikiwa mzima. Nikaamua kwamba mama alisema ni sumu kwa jinsi watu wazima wanavyosema ukila ukiwa umelala utaota mkia.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kumwangalia Deo, na Deo alikuwa mtoto wa kulia. Alilia mama akitoka, alilia akiangusha muhogo wake, alilia akiona wenzake wanakwenda ziwani kuogelea na yeye kabaki. Nilikuwa nimechoka kumbeba. Siku moja nikalowesha kidole, nikakichovya kwenye chupa, nikakitia kinywani mwake. Alinyamaza, akanitazama, akatabasamu. Kesho yake alikishika kidole changu mwenyewe.

Sijui ilikuwa mara ngapi. Ilikuwa wiki nyingi. Tuliifanya kuwa siri yetu, na Deo aliitunza siri ile kuliko mtu mzima.

Kisha akaanza kuumwa tumbo. Alikataa ugali, akakataa hata samaki mbichi wa kuchemsha aliokuwa akiwapenda, akawa mweupe wa macho na mwenye hasira. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Ilipoisha wakampa dawa ya minyoo. Tumbo likazidi, akawa anajikunja sakafuni ameshika magoti. Sasa nitasema jambo ambalo ndilo gumu kwangu kuliko yote. Alipokuwa akilia kwa maumivu yale, mama akiwa ametoka, nilimpa tena. Nilimpa kwa sababu nilimwonea huruma. Kilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakubali kinywani.

Dada yake baba, shangazi Modesta, alivuka na kivuko kutoka Sengerema kuja kumtazama mgonjwa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, na alitupenda, nisimsingizie. Aliingia uani, akaona dirisha la mama na chupa zake, akasimama. "Magesa," alimwambia baba, "mtoto anaumwa na nyumba imejaa madude haya, na wewe unauliza anaumwa nini?" Alitaka Deo apelekwe kwa mganga ng'ambo. Baba akasema tusubiri kidogo.

Hatukusubiri sana. Asubuhi ya Jumamosi Deo alikuwa amekaa kwenye mkeka, akageuza shingo kama anayeitwa na mtu, macho yakaenda juu, mwili ukaanza kutetemeka. Shangazi alipiga kelele kwamba ni degedege. Baba alikimbia kutafuta gari. Mama alimlaza Deo ubavu, akamshika mpaka mtetemeko ulipopungua, kisha akamkabidhi kwa shangazi na kuingia chumba cha uani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Aliitoa ile chupa nyeupe kwenye rafu, akafungua kifuniko, akatazama ndani. Juu ya chumvi kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangana kama nyayo za ndege kwenye matope.

"Kabula, njoo."

Nikaenda. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaukunjua, akakitazama kidole cha shahada. Kisha akakipima kwenye kishimo kimojawapo bila kukigusisha. Nilisubiri kofi, lakini aliuachia mkono, akafunga chupa, akaitia mkobani mwake.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda hospitali."

Hospitalini tuliingia wote kwa daktari, kwa kuwa shangazi alikataa kubaki nje. Daktari alikuwa dada bado kijana, aliyemwamkia shangazi shikamoo kabla ya kuketi. Alimpima Deo muda mrefu. Alimfunua midomo akatazama fizi, akamwita mwenzake naye akatazama. Halafu akamgeukia baba.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Nachaji betri."

"Unachaji tu?"

"Na zilizokufa nazipasua. Nayeyusha risasi."

"Unayeyushia wapi?"

"Nyuma ya kibanda."

"Mtoto hufika hapo?"

Baba alianza kusema mara mojamoja, lakini shangazi akamkatiza. "Daktari, mwanangu, usimsumbue ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi inayowalisha. Muulize huyu mwenye machupa dirishani."

Mama aliitoa ile chupa mkobani, akaiweka mezani.

"Hii ni chumvi ya risasi," alisema. Alisema kwa sauti ya mwanafunzi aliyesimamishwa darasani, kila neno limenyooka. "Naitengeneza mwenyewe. Ina ladha tamu. Mtoto ameilamba kwa wiki nyingi."

Daktari aliacha kuandika. "Ilikuwa mahali ambapo anafikia?"

"Hapana. Ilikuwa juu."

"Sasa ameilambaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeuficha ndani ya gauni. Nasikia mpaka leo jinsi feni ya dari ilivyokuwa ikigonga kila ikizunguka.

"Nilimlambisha mimi," mama alisema. "Alikuwa akilia sana. Nilitaka anyamaze."

Baba alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Shangazi alijishika kifua.

"Ulijua kwamba ni sumu?" daktari aliuliza.

"Nilijua."

Daktari aliandika. Alipomaliza, mama akasema jambo moja zaidi. "Naomba mpime na huyu pia," na akaninyooshea mimi mkono. Daktari alinitazama, akamtazama mama, wakatazamana. Hakuuliza tena. Alimwita muuguzi, nikachomwa sindano, nikalia kwa nguvu zangu zote, na mama hakuja kunishika.

Damu zetu zilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yalipokuja, damu yangu nayo ilikuwa na risasi, si nyingi. Ya Deo ilikuwa nyingi mno. Dawa iliyotakiwa haikuwepo, ilitafutwa, ikapatikana imechelewa. Deo aliishi. Lakini alirudi nyumbani akiburuta mguu wa kushoto, na maneno yote aliyokuwa nayo, hata lile "Tena!", yalikuwa yamepotea. Ilimchukua miaka kupata machache mengine.

Daktari alimweleza baba waziwazi kwamba moshi na vumbi la kibanda navyo vimechangia, na kwamba hakuna anayeweza kusema kipi kimechangia kiasi gani. Sentensi hiyo haikufika Sengerema. Kilichofika ni kwamba mke wa Magesa alimlisha mwanawe sumu, amekiri mwenyewe mbele ya daktari. Kikao cha ukoo kilifanyika uani kwetu, na mama aliketi chini kwenye mkeka, akiulizwa na kujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baba alikuwa ameshazibeba zile chupa zote kwenye karai, na alikuwa anaelekea ufukweni. Hapo tu mama alisimama bila kuruhusiwa.

"Usimwage ziwani," alimwambia. "Watu wanakunywa yale maji. Chimba shimo, mbali na kisima."

Baba alichimba shimo. Nilikwenda kuchungulia. Buluu, kijani, chungwa na ile njano vilichanganyika pamoja vikawa tope tu, rangi ya maji ya mferejini. Nililia, na watu walidhani namlilia Deo.

Ukoo ukaamua mama arudi kwao, naye akaondoka na meli ya Nansio, Deo mgongoni. Hakuna aliyemgombania yule mtoto, maana nani alitaka mzigo ule. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa mzima na nina msaada. Shangazi alihamia kwetu kunilea, na alinilea vizuri.

Mngetarajia kwamba mtoto mwenye siri kama ile atakosa usingizi. Nililala. Mwanzoni nilishangaa tu kwamba mama hakunishtaki. Baadaye nikajiambia labda naye alimlambisha Deo nilipokuwa shuleni, tena labda yeye alimpa zaidi. Kadiri wazo hilo lilivyokaa, ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Nikiwa darasa la sita, msichana mgeni aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamjibu, "Alimpa mdogo wangu sumu." Nililisema kwa sauti ya shangazi, mpaka mkono nikauweka kiunoni kama yeye.

Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza nilipopanda meli kwenda Nansio na nia ya kusema. Nilimkuta mama uani, anamnyoa Deo ndevu. Deo alikuwa amekuwa mwanaume mnene, ameketi kwenye kigoda, ameinua kidevu kwa subira. Mama aliniambia niketi, akaendelea na wembe.

"Mama," nilisema, "ile chumvi nyeupe."

"Usinitingishe, nitamkata."

"Mama, ni mimi niliye..."

"Kabula." Aliufuta wembe kwenye kitambaa. "Unadhani nilikipima kidole chako kwa sababu gani?"

Deo alitutazama kwa zamu, povu limemkauka shavuni.

"Ulikuwa na miaka tisa," mama alisema. "Ukoo mzima ungekuita muuaji kabla hujaota maziwa. Na nani aliwaambia kwamba ni tamu? Si mimi? Niliwaonyesha chupa, nikawaambia ni tamu. Nilichomwambia daktari hakikuwa mbali na kweli."

"Acha nikamwambie baba, basi. Nitamwambia baba na shangazi."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na Deo akashtuka, akamshika magoti. Mama alimpapasa kichwa mpaka akatulia. "Miaka yote hii nimelibeba ili wewe usilibebe. Ukienda kulisema leo, nitakuwa nimelibeba bure. Mletee mdogo wako maji ya kunawa."

Nilimletea maji.

Kwenye meli ya kurudi ndipo nilipoielewa ile sindano. Kwa miaka yote niliamini kwamba siku ile mama aliniadhibu kimyakimya, na kwamba ndiyo sababu hakunishika nilipolia. Sasa mimi nina mtoto, najua. Aliogopa kwamba na mimi nimekula, na ilimpasa atafute njia ya kuniombea kupimwa bila kusema kwa nini. Angenishika pale, mbele ya shangazi, angelia naye, na akilia angesema.

Nilimtii. Baba alifariki akiamini kwamba mkewe alimlambisha mwanawe sumu kwa mkono wake, na mazishini mama alikaa nyuma kabisa, na mtu wa kumsogezea kiti hakuwepo. Nilimwona kutoka nilipokuwa nimekaa na ukoo. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba, au kwa sababu ilinifaa, kama ilivyonifaa siku ile mlangoni kwa daktari, mkono wangu ukiwa ndani ya gauni.